Wagumu: historia ya watu waliobeba mizigo mpaka kwenye barafu

Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata salamu, habari za baridi? Huku Mapera mwezi huu wa sita ukungu hauondoki mapema. Watoto wanakwenda shule na masweta mawili mawili, na wanaochuma kahawa asubuhi vidole vinakufa ganzi. Wenzetu wa Mbamba Bay na Liuli huko ziwani mnatucheka tu, najua.

Mfululizo uliopita tulimaliza historia ya chanjo ya ndui. Wengi mkaniomba niandike kuhusu baridi. Nimeona badala ya kuwapa orodha ya maonyo, niwape historia, kwa sababu maonyo tunayasahau ila hadithi ya mtu inakaa. Nitaandika habari za watu wanaofanya kazi za mikono kwenye utafiti wa barafu: wabeba mizigo, wapishi, waongoza njia, mafundi. Ukisikia utafiti wa barafu unawaza Antaktika kule chini kabisa mwa dunia. Huko tutafika. Lakini kazi hiyo imefanyika hapa hapa Tanzania, na tunaanzia nyumbani.

Nimeigawa sehemu sita. Mama anayenyonyesha asome moja, alaze mtoto, arudi.

SEHEMU YA 1: BARIDI YENYEWE ILIKUWA JINA

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa anatembea kutoka pwani kuelekea Uchagani. Aliyemwongoza ni mtu wa Mombasa aliyeitwa Bwana Kheri. Rebmann akaona weupe juu ya mlima. Akamuuliza mwenyeji mmoja wa msafara, ule weupe ni kitu gani? Mwenyeji hakuwa na neno la theluji. Akamjibu kwa neno alilokuwa nalo: baridi.

Rebmann akaelewa palepale. Akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu kabisa na Ikweta. Wasomi wa London hawakumwamini. Mmoja, William Desborough Cooley, ambaye Afrika Mashariki hakuwahi kukanyaga, alimbishia kwa miaka mingi.

Sasa sikilizeni, Wachaga wenyewe walikuwa wanajua siku nyingi. Rebmann alisimuliwa kwamba zamani kidogo mtawala mmoja wa Machame, Rungua, alituma kundi la watu wapande wakaone ule weupe ni kitu gani, maana kwa mbali unang'aa kama fedha. Katika simulizi ile, aliyerudi ni mmoja tu, jina lake Sabaya, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibika.

Mimi nikisoma pale, macho ya unesi yananiambia kitu. Mikono na miguu kuharibika baada ya kulala kwenye barafu ni jambo tunalolijua. Mwili ukizidiwa na baridi unabana mishipa ya damu ya vidoleni ili joto libaki kwenye moyo, ubongo na mapafu. Yaani mwili unatoa vidole sadaka. Vinakuwa vyeupe, vigumu, havina hisia, na vikikaa hivyo muda mrefu nyama inakufa. Kwa hiyo mtu wa kwanza tunayemjua kwa jina katika historia ya barafu ya nchi hii ni mtumwa kazi aliyetumwa na mkubwa wake kuchunguza, akarudi na ulemavu. Kumbukeni jina hilo, Sabaya.

SEHEMU YA 2: MPISHI WA PANGANI

Tunaruka miaka. Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer alikuja kwa mara ya tatu kutaka kufika kileleni. Mara ya kwanza, 1887, alishindwa kwenye barafu. Mara ya pili, 1888, hakuufikia hata mlima, kwa sababu alikamatwa na watu wa Abushiri wakati wa vita vya pwani. Mara hii ya tatu alikuja na mpanda milima wa Austria, Ludwig Purtscheller.

Vitabu vingi vya shule vinasema "Hans Meyer alipanda Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889". Ni kweli. Lakini hebu tuulize maswali ya mama wa nyumbani. Nani alipika? Kuni zilitoka wapi kule juu ambako hakuna mti? Nani alibeba hema?

Msafara ulitoka pwani na wapagazi wengi. Katika misafara ya zama zile, mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, kichwani au begani. Walipofika Marangu kwa Mangi Marealle, wengi wakabaki chini. Meyer alikuwa amejifunza kosa la 1887: ukiishiwa chakula huko juu inabidi ushuke mpaka chini, ukipanda tena huna nguvu. Safari hii akapanga kambi kwa hatua, na watu wakawa wanapanda na kushuka kupeleka chakula na kuni mpaka kambi ya juu, kwenye uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,300.

Na pale juu alikaa mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani. Huyu ndiye aliyekuwa anapika na kulinda kambi wakati wale wawili wamekwenda kwenye barafu. Fikirieni, mtu wa Pangani! Amezaliwa kwenye joto la minazi, baridi yake kubwa ni upepo wa kusi. Anabaki peke yake kwenye hema mita 4,300 juu, usiku maji yanaganda ndani ya sufuria, na kazi yake ni kuhakikisha wenzake wakirudi kuna moto na kitu cha kula. Siku baada ya siku. Bila yeye na wale wa kupandisha kuni, hakuna aliyefika kileleni.

Watu wa Marangu wanamtaja pia Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa aliongoza njia safari ile. Mwaka 1989, ilipotimia miaka 100, alienziwa hadharani akiwa bado hai, na alifariki mwaka 1996. Watafiti wengine wanabishana kuhusu umri wake na kama kweli alikuwamo. Mabishano hayo yenyewe yanatufundisha kitu: majina ya wakubwa yaliandikwa siku ileile, pamoja na saa waliyofika. Ya wapagazi tunayatafuta miaka 100 baadaye kwa kuuliza wazee. Angalau siku hizi pale lango la Marangu kuna kibao chenye majina yao.

SEHEMU YA 3: BARAFU INASHUKA MABEGANI

Mwanzoni mwa mwaka 2000, mwezi wa kwanza na wa pili, profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alikuja na timu yake. Hawakuja kutafuta kilele. Walitaka kuitoboa barafu ya Kibo mpaka kwenye mwamba na kuitoa ikiwa nzima, kama nguzo ndefu za mviringo zilizokatwa vipande.

Kwa nini? Barafu ya mlimani ni kama kadi ya kliniki ya mtoto. Kila kipindi kinaacha alama yake: mvua nyingi, ukame, vumbi, majivu. Ukiisoma kutoka juu kwenda chini unasoma nyuma kabisa. Walitoa nguzo sita, jumla karibu mita 215. Ndefu kuliko zote ilikuwa kama mita 50. Ndani yake walisoma hali ya hewa ya Afrika Mashariki ya takribani miaka 11,700. Waliona ukame mkubwa mara tatu, kama miaka 8,300, 5,200 na 4,000 iliyopita. Ule wa miaka 4,000 uliacha tabaka la vumbi linaloonekana kwa macho. Vilevile walipolinganisha na ramani ya 1912, wakakuta barafu iliyokuwa kilomita za mraba 12 hivi imepungua kwa karibu asilimia 80. Walikadiria ingeisha kabisa kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo kidogo, lakini inaendelea kwisha.

Sasa rudini kwenye maswali yetu ya jikoni. Kambi yao ilikuwa juu ya mita 5,800, na walikaa zaidi ya mwezi. Huko helikopta inapata shida kwa sababu hewa ni nyepesi, gari halifiki, punda hafiki. Mashine ya kutobolea, mahema, chakula, masanduku, vyote vilipanda kwa miguu ya watu. Waliajiriwa wapagazi zaidi ya 90. Na barafu ilipotolewa, ikashuka mlimani kwa mabega hayohayo, ikiwa imefungwa isiyeyuke, ikasafirishwa mpaka mji wa Columbus, Ohio.

Na mnajua inatunzwa wapi? Kwenye kituo cha utafiti wa ncha za dunia, kituo chenye jina la Byrd, mvumbuzi wa Antaktika. Barafu ya Tanzania imehifadhiwa jengo moja na barafu za ncha za dunia. Ndiyo maana nasema wagumu wa Kilimanjaro ni ndugu wa kazi na wale wa Antaktika.

"Wagumu" ndilo jina wanaloitwa wapagazi huko mlimani. Jina la sifa, ila lina mtego wake, tutaliona sehemu ya 5.

SEHEMU YA 4: DEREVA ALIYESHIKA KIOO

Twende Antaktika sasa, muone kazi hizi zinakuwaje mahali ambapo hata kushuka huwezi.

Kuna kituo cha Wamarekani kwenye ncha ya kusini yenyewe, kinaitwa Amundsen-Scott, kilianza mwaka 1956. Kimejengwa juu ya barafu, mita kama 2,800 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata huko watu wanaugua ugonjwa wa milimani. Kuanzia mwezi wa pili mpaka mwezi wa kumi hivi ndege haziji. Giza la miezi, baridi inafika nyuzi 60 chini ya sifuri na zaidi. Wanaobaki si wanasayansi watupu. Wapo wapishi, mafundi bomba, mafundi umeme, wachomeleaji, madereva wa mitambo, na daktari mmoja.

Mwaka 1999 daktari huyo alikuwa mama wa watoto watatu, Jerri Nielsen. Katikati ya baridi akagundua uvimbe kwenye titi lake. Daktari ni yeye, mgonjwa ni yeye. Waliomsaidia kutoa sampuli ya uvimbe walikuwa wafanyakazi wenzake wa kawaida, mmojawapo fundi wa kuchomelea, ambao aliwafundisha kwanza kwa kuchoma sindano kwenye vitu vya jikoni. Mwezi wa saba ndege ikapita gizani na kudondosha dawa kwa miavuli. Akaanza kujitibu huku wenzake wakimsaidia. Alitolewa tarehe 16 Oktoba 1999, akaishi miaka karibu kumi zaidi, akafariki 2009. Dada zangu, wewe una zahanati ambayo hata ikiwa mbali unafika siku hiyohiyo. Ukigusa uvimbe titini, usikae nao.

Kabla yake, mwishoni mwa Aprili 1961, kwenye kituo cha Warusi cha Novolazarevskaya, daktari kijana wa miaka 27, Leonid Rogozov, aliugua kidole tumbo. Daktari mwingine hakuna, dhoruba nje. Akajipasua mwenyewe. Wengi mmewahi kusikia hadithi hii. Ambacho hamjaambiwa ni nani walisimama pembeni. Mmoja alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, Artemyev, akishika vifaa. Mwingine, Teplinsky, alikuwa dereva na fundi mitambo, akishika kioo ili daktari aone tumbo lake mwenyewe. Mkuu wa kituo akakaa chumbani kama akiba, mmoja wao akizimia ashike nafasi. Kazi ilichukua saa moja na dakika 45. Wiki mbili baadaye Rogozov alikuwa kazini.

Sisi wa wodini tunajua mkono unaoshika taa nao ni sehemu ya upasuaji. Yule dereva hakuwahi kusomea lolote la hospitali, lakini alisimama mpaka mwisho bila kudondosha kioo.

SEHEMU YA 5: SWALI LA MAMA WA KIJIJINI

Mama mmoja wa huku kwetu aliniuliza hivi: "Nesi, mwanangu amemaliza kidato cha nne, rafiki yake yuko Moshi, anamwita akabebe mizigo ya wazungu mlimani. Nimwache?"

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Ni kazi halali, imesomesha watoto wengi Uchagani na kwingineko. Nilimweleza haya, na nyie nawaeleza.

Kwanza, hewa. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 kutoka usawa wa bahari. Milima yetu ya Umatengo inafika mita 2,000 hivi. Kilele cha Kibo ni mita 5,895. Pale juu kila pumzi moja inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayopata ufukweni. Kuzoea baridi ya Mapera hakumzoeshi mtu hewa ya Kibo. Kuwa kijana mwenye misuli hakumkingi pia.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi mbovu. Hapo mtu asipande zaidi mpaka zimekwisha. Hatari ni hizi: anahema sana hata akiwa amekaa, anakohoa mpaka mate yenye povu la pinki, maana yake mapafu yanajaa maji. Au anayumba kama mlevi, anaongea yasiyoeleweka, maana yake ubongo unavimba. Huyo anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Oksijeni ipo, dawa zipo, lakini zinasaidia huku anashushwa. Hazichukui nafasi ya kumshusha.

Mtego wa jina "mgumu" uko hapa. Mgeni akiumwa kichwa anasema, maana amelipa. Mpagazi akiumwa ananyamaza, maana akishushwa anaogopa kupoteza posho, na wenzake watamwona laini. Mwambie mwanao mapema, kabla hajaondoka nyumbani: ukiumwa, sema. Ugumu hauongezi oksijeni kwenye damu.

Pili, nguo. Jinzi na fulana ya pamba vikilowa vinamnyonya mtu joto. Ni jambo lilelile tunalowafundisha wodi ya wazazi: mtoto akizaliwa tunamkausha haraka, tunamweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tunamfunika na kofia. Maji mwilini yanaiba joto, awe mtoto wa dakika moja au kijana wa miaka 20. Tofauti ni kwamba mtu mzima anatetemeka, na kutetemeka ni mwili unajipasha moto. Ukiona mwenzako alikuwa anatetemeka, sasa ameacha na anasinzia, usifurahi. Anazidiwa. Kwa mjini Moshi lipo shirika la kusaidia wapagazi, linaitwa Kilimanjaro Porters Assistance Project, linaazimisha nguo za baridi bila malipo. Aende huko kabla ya safari ya kwanza.

Tatu, vidole vikiganda. Usivisugue, usiviweke motoni, kwa sababu havina hisia na vitaungua bila mwenyewe kujua. Akiwa ameshafika mahali salama ambapo havitaganda tena, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu, joto kama la maji ya kumwogeshea mtoto, kisha hospitali.

Nne, mzigo. Kanuni za hifadhi zinasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na unapimwa getini. Akiona anaongezewa baada ya mizani, ajue anaonewa.

Tano, na hili mama zangu ni letu kabisa: selimundu. Mtoto wako ana selimundu? Kazi hiyo si yake, kwa sababu oksijeni ikipungua chembe zake za damu zinajikunja na kuziba mishipa. Hata anayebeba vinasaba bila kuumwa anaweza kupata matatizo ya bandama kwenye miinuko mikubwa. Apime kwanza. Vilevile mwenye pumu isiyotulia, au upungufu wa damu, aonane na daktari kabla hajapanda basi la Moshi.

SEHEMU YA 6: NANI ANAANDIKWA

Tumetoka kwa Sabaya, tukapita kwa Mwini Amani, tukapita kwa wale zaidi ya 90 wa mwaka 2000, tukafika kwa Teplinsky na kioo chake. Mnaona nini?

Mimi naona kwamba kila mara elimu mpya ya barafu ilipopatikana, kuna mtu alikuwa anapika, anabeba au anashika taa, na mara nyingi baridi ilimpata yeye kwanza. Na kumwandika jina hakuhitaji gharama. Warusi wanamjua dereva aliyeshika kioo kwa sababu mtu alimtaja kwenye taarifa. Wapagazi wa 2000, wale walioshusha historia ya miaka 11,700 mabegani, wengi wao leo ni baba wenye watoto wanaosoma. Mtoto akifundishwa shuleni kuhusu barafu ya Kilimanjaro, sijui kama anaambiwa kwamba baba yake huenda aliibeba.

Kwa hiyo nina ombi dogo. Familia nyingi zina mtu wa namna hii. Babu aliyekuwa mpishi kwenye misheni. Shangazi aliyefua mashuka ya hospitali miaka 30. Mjomba aliyekuwa baharia kwenye meli ya ziwani. Muulizeni angali hai: ulianza mwaka gani, ulikuwa unafanya nini hasa, uliumia wapi, uliwahi kuogopa? Andikeni kwenye daftari la mtoto, pamoja na jina lake kamili. Watoto wanapenda kusikia hayo kuliko tunavyodhani, na nyie mtajua na magonjwa yaliyompata kazini, ambayo hata sisi hospitali tunayahitaji tukimtibu.

Na aliye na kijana anayejiandaa kwenda mlimani, msomee sehemu ya 5 kwa sauti. Akikucheka, msomee tena.

Nipo zamu ya usiku wiki hii, nikichelewa kujibu msininunie. Jumatatu tunaanza mfululizo mpya: historia ya uji wa lishe, na kwa nini bibi zetu walikuwa wanaweka karanga. Funikeni watoto vizuri. Usiku mwema.